Kabla Hujapinga Ghorofa Jipya, Hesabu Vyumba vya Kulala

Ukiona kibao kimetundikwa kwenye ukuta wa kiwanja mtaani kwako, chenye nambari ya kiwanja, jina la kampuni na maelezo kwamba inaombwa ruhusa ya kujenga ghorofa kumi na kitu, kisome chote hadi mstari wa mwisho. Kipige picha, na hakikisha tarehe inaonekana. Wengi hukipita wakidhani ni tangazo la kuuza shamba, na wakija kushtuka tingatinga limeshaingia na siku za kutoa pingamizi zimekwisha.

Mimi ni mkazi wa kisiwani Mombasa. Mtaani kwetu tulihoji kibali cha jengo la nyumba zaidi ya mia mbili, ambalo ndani yake hapakuwa na hata nyumba moja ambayo familia ya kawaida ingeweza kuishi humo na kuilipia. Tangu hapo hupigiwa simu na watu wa Bamburi, Kisauni, hata Nairobi, wakiuliza tulianzia wapi. Nimeona afadhali niandike. Kampuni na maafisa siwataji, kwa sababu ninachotaka kukupa ni njia, na njia ni ileile hata majina yakibadilika.

Anzia kwenye michoro

Nenda ofisi ya mipango ya ardhi ya kaunti uombe kuona maombi yenyewe pamoja na michoro yake. Usiende peke yako. Tafuta mtu anayejua kusoma ramani za majengo. Sisi tulikuwa na mzee wetu mmoja, fundi mstaafu, ambaye alivaa miwani, akapekua karatasi mbili tatu bila kuzitazama sana, kisha akasimama kwenye jedwali la vyumba. Jedwali hilo linaonyesha kila sakafu ina nyumba ngapi, zipi ni za chumba kimoja, zipi za vyumba viwili, na kila moja ina mita ngapi za mraba. Mtu wa mauzo anaweza kukwambia lolote, lakini jedwali ndilo litakalopigwa muhuri.

La kwetu lilijaa bedsita (chumba kimoja tu ambamo mtu analala, anakaa na kupika) na nyumba za chumba kimoja cha kulala, pamoja na chache zilizoandikwa za vyumba viwili. Mzee akatoa rula, akapima hicho chumba cha pili: mita 2.1 kwa mita 2.4, hakina dirisha la nje, hewa yake inatoka kwenye korido. Katika ukurasa mwingine wa michoro hiyohiyo, chumba hichohicho kimeandikwa stoo. Na kwenye tangazo la mauzo, lililokuwa tayari linazunguka katika makundi ya WhatsApp, kimekuwa chumba cha watoto, kimechorewa kitanda chenye shuka la waridi. Mzee akasema, "Mlaze mtoto humu mwezi wa Machi, utamkuta amelowa jasho kabla ya saa sita usiku."

Kurasa hizo tatu tulizipanga pamoja na kuzifanya kiambatisho cha kwanza cha barua yetu. Hakuna afisa aliyeweza kutuambia kwamba tunaongea kwa hisia.

Ni muhimu pia uelewe kwa nini wanajenga hivi, maana ukiishia kumwita mjenzi mlafi hutafika mbali. Tuseme sakafu moja ina mita za mraba 320 za kupangisha. Unaweza kupata nyumba nne za vyumba vitatu, za mita 80, na kila moja ukaipangisha kwa shilingi 45,000: jumla 180,000 kwa mwezi. Au ukapata bedsita kumi na mbili za mita 26 hivi, kila moja kwa 20,000: jumla 240,000. Zikiwa karibu na bahari, hizo ndogo zinageuzwa Airbnb na kuingiza pesa usiku kwa usiku. Mwenye mkopo wa benki atachagua nini? Ubaya ni kwamba kaunti inatoa vibali kimoja kimoja, na kila kimoja kinakuja na hesabu hiyohiyo. Baada ya miaka kadhaa mwalimu, muuguzi na karani wa bandarini mwenye watoto wanne wote wamehamia Mtwapa au Mariakani, na kila alfajiri wako barabarani wakirudi kufanya kazi katika mji usio na chumba cha watoto wao.

Jibu lako kwa habari ya wastani

Mtaambiwa soko la nyumba za familia halipo. Katika kikao chetu mshauri wa kampuni alikuja na takwimu za sensa ya 2019: Kaunti ya Mombasa ina watu 1,208,333 katika kaya 378,422, kwa hiyo kaya moja ina watu watatu na kidogo. Watu watatu, akauliza, wanataka vyumba vitatu vya nini?

Hoja hiyo inasikika vizuri kwenye kikao na inaweza kuwanyamazisha watu kama hamkujiandaa. Jibu ni kwamba wastani unamchanganya kijana anayeishi peke yake Chaani kwa ajili ya kazi ya bandarini na kaya ya watu saba ya Majengo. Kijana yule ana bedsita za kuchagua kila mtaa. Wale saba hawajengewi. Na wengi wao sensa iliwakuta wameshagawanyika: mtoto mmoja yuko kwa shangazi Likoni, mwingine kwa bibi Kilifi, kwa sababu nyumba haiwatoshi. Ukihesabu watu waliokwisha kutawanywa na udogo wa nyumba, halafu ukasema nyumba ndogo zinawatosha, umezunguka ukarudi palepale.

Tulisema pia mambo ambayo hayamo katika sensa, na ningependa uyaseme bila haya. Watoto wa kike na wa kiume wakishakua hawalali chumba kimoja. Mama mzee akiugua analetwa kwa mwanawe. Mwanamke akifiwa na mume anakaa eda, na anahitaji mahali pa kukaa kwa sitara. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na uani nyuma, ilijengwa kwa maisha hayo. Hata ilipoanza kupangishwa chumba kimoja kimoja, familia iliyoongezeka iliweza kumwomba mwenye nyumba chumba cha pili ng'ambo ya ukumbi, bila kuhama mtaa wala kuwabadilisha watoto shule na madrasa. Ghorofa la bedsita haliwezi hilo. Mtoto wa pili akizaliwa, unafungasha.

Neno "nafuu" nalo ulidai kwa tarakimu. Chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, ambayo ndiyo inayotukata asilimia 1.5 ya mshahara, nyumba za jamii ni za wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na nyumba za bei nafuu ni za wenye kipato cha kati ya 20,000 na 149,000. Pengo hilo ni kubwa mno. Mradi wa kumfaa mtu wa 140,000 utaitwa nafuu, na mama wa 35,000 atakuwa nje kabisa. Kipimo tulichotumia sisi ni kile cha kawaida, kwamba kodi isile zaidi ya asilimia 30 ya kipato. Familia ya shilingi 50,000 kwa mwezi inamudu kodi ya 15,000. Uliza mbele ya watu: katika jengo hili, ni nyumba gani ya vyumba viwili au vitatu itakayopangishwa kwa 15,000? Na wakikwambia watu watanunua kwa mkopo, wakumbushe kwamba mikopo ya nyumba katika Kenya nzima ni kama 30,000 tu.

Siku ni chache, zijue

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka mwombaji autangazie umma mradi wake na kuwaalika watu kupeleka pingamizi kwa waziri wa kaunti anayehusika. Ndiyo maana ya kile kibao. Siku za kutoa maoni zimeandikwa hapohapo, na mara nyingi ni 14. Kuna kipengele kingine ambacho wengi hawakijui: mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali huchukuliwa kuwa kimetolewa. Kwa hiyo ukinyamaza ukisubiri ofisi iamue, ukimya wa ofisi wenyewe unaweza kuwa ndio uamuzi. Andika barua, uipeleke kwa mkono, na usiondoke kaunta bila nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Kibali kikitoka na hukuridhika, una siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango ya ardhi. Si lazima uwe umeomba kibali wewe. Mtu yeyote mwenye maslahi katika jambo hilo anaruhusiwa. Baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ila huko pesa zinaanza kutoka kwa kasi.

Mlango wa pili ni NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira. Jengo kubwa linahitaji leseni ya mazingira, na leseni inahitaji ripoti ya tathmini ya athari. Ripoti hiyo iombe, na ukiipata anza kuisoma kutoka nyuma. Huko nyuma ndiko zinakobandikwa fomu za maoni ya majirani. Kwetu tulikuta fomu kadhaa zenye mwandiko mmoja, zote zikisema mradi utaleta ajira kwa vijana. Muuza viazi karai wa kona yetu alikuta jina lake humo. Alichokumbuka yeye ni kijana aliyekuja na kalamu kumuuliza kama maji hufika mtaani. Tukamwomba aandike hayo kwa mkono wake, akaandika, na karatasi yake ilifanya kazi kubwa kuliko kurasa zangu zote.

Usidharau dosari ya namna hiyo. Tarehe 26 Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Kwasasi, Lamu, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyostahili. Kama mradi wa ukubwa ule ulisimamishwa na watu wa Lamu kwa hoja hiyo, ghorofa la mtaani kwenu si kubwa mno. Rufaa ya leseni ya NEMA unaipeleka kwenye jopo hilohilo, ndani ya siku 60.

Maji na maji taka, kisha rudi kwa familia

Ofisi za mipango huzikimbilia zaidi hoja zinazopimika. Mombasa haina chanzo kikubwa cha maji chake yenyewe. Tunategemea Mzima, Baricho, Marere na visima vya Tiwi, vyote nje ya kaunti, na mgao ni maisha yetu ya kila siku. Nyumba mia mbili mpya zitakunywa nini? Kwa kawaida jibu ni kisima cha kuchimba, ambacho kisiwani hutoa maji ya chumvi, na malori ya maji yanayoziba njia asubuhi. Dai barua ya kampuni ya maji inayosema kiasi gani kitapatikana, na dai kujua maji taka yatakwenda wapi, kwa bomba lipi, au shimo litakuwa la ukubwa gani na litanyonywa mara ngapi.

Lakini hapa ndipo nimeona mitaa mingi ikipotea. Wanaanza na suala la familia, wanaingia kwenye maji, wanabaki humo. Kampuni inaongeza tangi, inachora mtambo wa kusafisha maji taka kwenye sakafu ya chini, na pingamizi limejibiwa lote. Jengo ni lilelile la bedsita, sasa lina tangi. Kila ukurasa wa barua yako urudi kwenye swali la nani atakaa humo. Sisi tulitaja Ibara ya 43 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya makazi ya kutosha, na Ibara ya 53, inayompa mtoto haki ya malazi, na tukanukuu sura ya makazi katika mpango wa maendeleo wa kaunti wa 2023 hadi 2027. Kaunti ikiandika yenyewe kwamba inataka nyumba za wenye kipato cha chini na cha kati, iulizwe ni kwa kibali kipi inatimiza.

Nikwambie wazi pia mipaka iko wapi. Sheria haimlazimishi mjenzi binafsi, kwenye ardhi aliyoinunua kwa pesa yake, kutenga sehemu ya nyumba kwa ajili ya familia za kipato cha chini. Ukisimama kikaoni ukadai hivyo kama haki iliyokwisha kuandikwa, wakili wao atakumaliza kwa sentensi moja. Kilichopo ni kwamba kaunti ina mamlaka ya kutoa kibali chenye masharti. Kwa hiyo sisi hatukuandika "hatutaki jengo." Tuliandika masharti: idadi fulani ya sakafu ziwe za vyumba vitatu, kila chumba kinachoitwa cha kulala kiwe na dirisha la nje, nyumba hizo zisigeuzwe za wageni wa usiku mmoja, na paachwe uwanja ambao mtoto anaweza kukimbia. Afisa mchovu aliyeletewa masharti yaliyokwisha kuandikwa ana kitu cha kunakili. Aliyeletewa hasira hana.

Ardhi ya umma ni habari nyingine kabisa, na hapo usipunguze sauti. Mombasa ina mitaa ya zamani ya manispaa ambayo kwa miaka mingi ilikuwa makao ya wapangaji wa kipato cha chini: Tudor, Changamwe, Likoni, Khadija, Mzizima. Buxton ulibomolewa kuanzia 2021, ukajengwa upya kwa ushirikiano wa kaunti na kampuni binafsi. Mtaa wenu ukifikiwa, ardhi ni mchango wa wananchi katika biashara hiyo, na mwenye kuchangia anauliza anapata nini. Omba mkataba. Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya taarifa iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Wakikataa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman. Tafuta kwenye mkataba: nyumba ngapi zitakuwa za kupangisha, ngapi za kuuza, na mpangaji wa zamani mwenye watoto anarudi kwa bei gani na kwenye vyumba vingapi. Ahadi ya "mtapewa kipaumbele" isiyo na bei wala idadi ya vyumba msiikubali.

Nani unasimama naye

Watakuja watu kukuunga mkono ambao hawataki unachotaka wewe. Kwetu walijitokeza wenye majumba makubwa waliosema ghorofa litawakatia upepo wa bahari na kushusha hadhi ya mtaa. Mmoja alitaka barua iseme tunapinga "watu wa kupanga." Tulimjibu kwa heshima kwamba sisi wengine ndio hao wa kupanga. Akajitoa, akaandika ya kwake. Nilifurahi. Ukiruhusu hoja yako ichanganywe na hiyo, kampuni itasimama kikaoni na kusema mtaa huu hautaki nyumba, na itakuwa imesema kweli. Mji huu unahitaji nyumba nyingi sana. Mradi ukikataliwa moja kwa moja, kiwanja kinaweza kubaki na mabati miaka kumi au kikawa kituo cha mafuta, na hakuna familia itakayopata pa kulala.

Tafuta kina mama wa vikundi, kamati ya msikiti na ya kanisa, walimu wakuu, chama cha wapangaji kama kipo. Mwakilishi wa wadi mpelekee nakala mapema, kabla hajaitwa kwenye uzinduzi akavalishwa kofia. Na kwenye kikao msiongee wote. Chagueni watatu: mmoja wa michoro, mmoja wa sheria, na mama mmoja atakayeeleza anaishi vipi sasa hivi, na watoto wangapi, kwenye chumba cha ukubwa gani. Wetu alipomaliza kueleza jinsi mwanawe wa darasa la nane anavyosomea kwenye ngazi za jengo kwa sababu ndani kuna mtoto mchanga, mwenyekiti wa kikao aliahirisha uamuzi.

Maombi yalirudishwa. Kampuni ikaleta michoro mipya yenye sakafu tatu za nyumba za vyumba vitatu, na kile chumba kisicho na dirisha kikaondolewa kila mahali. Kibali kikatoka na masharti hayo. Kodi haikuandikwa popote, na ninajua kwamba si kila familia iliyotia saini barua yetu itaweza kuingia humo. Sakafu tatu ni chache, nasi tunaendelea kuibana kaunti kuhusu bei.

Kibali cha namna hiyo kikitoka, usirudi nyumbani kulala. Chukua nakala ya masharti na michoro iliyopitishwa, muwe nayo watu watatu wanne mtaani. Jengo likipanda, hesabuni. Sakafu ya nyumba za vyumba vitatu ina milango michache kwenye korido, na mtu aliyesimama chini anaweza kuona madirisha yamepangwaje. Mkiona kuta za ziada zinapandishwa katikati ya sebule, andikeni barua ya pili siku hiyohiyo, na picha na nakala ya masharti ziambatishwe, kabla cheti cha kuruhusu watu kuhamia hakijatolewa.